Chambo Hai na Mtani Aliyenyamaza

Jumamosi, 9 Novemba. Jioni.

Joto. Mawingu yamepita juu ya Tabora kutwa nzima bila kushuka. Wiki hii mvua imenyesha mara moja tu, ile ya kutia vumbi adabu, ikaondoka. Nimekaa barazani hapa Cheyo, nimeoga mara mbili na bado nanuka kambare mpaka kwenye viwiko. Naandika kwa kidole kimoja kwa sababu cha pili kimechomwa na mwiba wa samaki na kimevimba.

Nina furaha. Naliandika hilo mapema, maana habari yenyewe inaanzia pabaya na nisingependa mtu afunge ukurasa akidhani nimekuja kulia.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka arobaini na mitatu, na kila Jumamosi naenda bwawa la Igombe kuvua kwa kayaki. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja, unakaa umenyoosha miguu, unapiga kasia lenye makafi pande zote mbili. Wangu ni wa njano. Niliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja na mradi wa nyuki. Mradi ulipoisha akaona haubebeki kwenye ndege.

Marehemu Mama aliuita beseni. "Nimesomesha mtoto, kaishia kukaa kwenye beseni," aliwaambia majirani, mimi nikiwa hapohapo namenya viazi.

Mama alikuwa nesi, mkali, wa enzi zile. Wanaomkumbuka wanasema katika wodi yake hata mgonjwa mahututi alilala akiwa amenyooka. Alistaafu lakini hakuacha kukagua. Alikagua vyombo, alikagua kucha za wageni, alikagua mahubiri ya mchungaji.

Alifariki Januari. Nitalifikia hilo.

Aliyenifundisha kuvua ni Ndahani. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, ana mtumbwi wa mbao na kibanda kando ya bwawa, na kambare anaowauza ndio waliosomesha watoto wake watatu. Ni Mgogo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, yeye akazaliwa hapa. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni watani, na utani wetu hatukuutunga sisi. Babu zetu walipita Ugogo wakiwa na mizigo ya watu mabegani kwenda pwani, na babu zao wakawatoza ushuru kwa kila tone la maji waliyokunywa njiani. Wakagombana, wakazikana, wakaishia kutaniana.

Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kukamata kuku wako uani akaondoka naye, na wewe ukabaki unacheka. Kitu kimoja tu huruhusiwi: kukasirika.

Zamani nilipokuwa nafika bwawani nikimwamkia shikamoo, Ndahani hakuitika marahaba hata siku moja. Aliniangalia kuanzia miguuni, akasema, "Sipokei shikamoo ya mpagazi. Tua mzigo kwanza." Mpagazi ndilo lililokuwa jina langu. Nami nilimuuliza Mgogo gani anajua kuvua, wakati kwao maji wanayaona kwenye kalenda.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kutunza chambo, kwa matusi.

Pale Igombe wapo wanaovua kambare kwa vipande vya sabuni ya mche, na wanawapata. Ndahani anasema huyo ni kambare wa kuogea. Yeye anataka chambo hai: visamaki vya urefu wa kidole, ambavyo tunavinasa kwa chupa ya maji iliyokatwa shingo, ndani yake ukoko wa ugali. Kuvinasa ni kazi ya dakika kumi. Kuvifikisha vikiwa hai mpaka pale unapovulia ndiyo shughuli, hasa kwenye kayaki, ambako huna kivuli, huna nafasi, na plastiki inachemka.

Nilianza na ndoo. Kufika saa nne maji yakawa ya uvuguvugu na visamaki vikaelea tumbo juu. "Mpagazi amepika supu," akatangaza Ndahani, bwawa zima likasikia. Jumamosi iliyofuata akaniletea mtungi mdogo wa udongo. Mtungi unatoa jasho, maji ya ndani yanabaki ya baridi. Nikaubana katikati ya miguu wakati wa kupiga kasia. Nikifika mahali pangu na kushusha nanga, ambayo ni jiwe ndani ya mfuko wa salfeti, navihamishia kwenye dumu la lita tano lililotobolewa matundu kwa msumari wa moto, nalifunga kamba nyuma ya kiti na kuliacha lielee. Maji ya bwawa yanaingia na kutoka, visamaki havijui hata kama vimefungwa. Visizidi kumi na viwili. Usikimbize kayaki dumu likiwa majini, mkondo utavibamiza. Ukimtunga kisamaki kwenye ndoana, ipitishe chini kidogo ya pezi la mgongo ili aendelee kuogelea.

Kila kanuni hapo juu ina tusi lake. Nayakumbuka yote.

Sasa Januari.

Mama tulimzika Kigwa, pembeni ya Baba. Ndahani alikuja. Aliacha nyavu zake siku tatu, akaja na gari la abiria akiwa amekaa juu ya gunia la mtu, akafika, akaanza kazi yake. Msiba wa Mnyamwezi bila mtani haujakamilika. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha watu ambao hawaruhusiwi kucheka. Alinyang'anya sufuria jikoni, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe karanga. Watu walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, sijala siku mbili, nasikia kila kitu kwa mbali.

Tulipofika makaburini akatokea amejifunga kanga ya Mama kiunoni na miwani ya Mama puani. Alikuwa anatembea mwendo wa Mama, ule wa kuburuza kisigino cha kushoto. Alikuwa yeye kabisa. Akasimama ukingoni mwa kaburi, akainama kuangalia ndani, akaweka mkono kiunoni, akafungua mdomo.

Nilimvua miwani usoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Toka. Usimchezee mama yangu."

Ndahani akaifungua ile kanga, akaikunja mara nne, akanipa kwa mikono miwili. "Samahani, mwalimu," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita mwalimu.

Kuanzia siku hiyo nikawa mwalimu. Nikifika bwawani: "Shikamoo." "Marahaba, mwalimu. Nyumbani hawajambo?" Kayaki yangu aliendelea kuilaza kibandani kwake, aliifuta vumbi, alinisaidia kuisukuma majini. Hakuwahi kunikosea neno, na ingekuwa afadhali anitemee mate.

Februari nilimwomba radhi. Nilimpelekea kilo mbili za sukari na kitenge cha mke wake. Akapokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka. Aprili nilijaribu kumtania, nikamwambia mtumbwi wake unafanana na sahani ya kulia mlenda wa kwao. Akatabasamu kidogo. "Ni kweli, mwalimu."

Na chambo changu kilikuwa kimeanza kufa.

Sikulielewa jambo hilo kwa miezi. Nilifanya kila alichonifundisha. Mtungi ulikuwa ule ule, dumu lile lile, idadi ile ile. Nilifunika mtungi kwa gunia bichi. Nilipunguza visamaki vikawa vinane, vikawa sita. Kila Jumamosi, kufika saa tatu na nusu, nusu yake vilikuwa vinalalia ubavu. Nilimuuliza Ndahani. Akachungulia mtungini, akanusa, akainua macho kuniangalia, akafunga mdomo. "Unavyofanya ni sawa tu, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Niliona kabisa kwamba anajua. Mtani asingenyamaza. Mtani angenitangaza bwawa zima, nami ningejua kosa langu kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo nilipopata picha ya nilichokivunja kule Kigwa. Nilikuwa nimempoteza mtu pekee aliyekuwa ananiambia ukweli, na kibaya zaidi alikuwa bado ananifutia kayaki vumbi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kigwa kusafisha makaburi, nikalala kwa Shangazi Nyamizi, dada yake Baba. Shangazi hana subira na watu wanaozunguka, kwa hiyo nilimweleza yote tukiwa bado tunapeta karanga.

"Ulimwomba radhi?" akaniuliza.

"Ndiyo, Shangazi. Na sukari nilimpelekea."

Akaweka ungo chini. "Mtani haombwi radhi, mwanangu. Radhi wanaombana watu baki. Wewe ulimtoa nje, halafu ukampelekea sukari huko huko nje alipo. Atarudije ndani?"

Nikamuuliza nifanye nini.

"Mwibie," akasema, akaendelea kupeta.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mtu baki ukimchukulia kitu chake atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mtani atakuja kuchukua chako. "Kwa hiyo utajua yeye ni nani kwako. Ila uchukue kitu kinachomuuma. Usiende kuiba kijiko."

Nilikaa na neno hilo wiki tatu. Mimi ni mtu wa kurudisha kalamu ya mwenzangu. Wanafunzi wangu wanajua kwamba kwangu, anayechukua bila kuomba anasimama mbele ya darasa.

Jumamosi iliyopita, jua likielekea kushuka, Ndahani alikwenda kumsalimu jirani yake mgonjwa. Chambo chake cha wiki huwa anakiweka kwenye tenga la matete lililozama nusu pale ufukweni. Nilikuwa nalijua kwa sababu alinionyesha mwenyewe zamani. Nikafungua. Vilikuwa visamaki zaidi ya thelathini, vinono, vinang'aa. Nikavimimina vyote kwenye ndoo yangu, nikabana kifuniko, nikapanda bodaboda.

Sikuacha tundu la hewa. Mwizi mgeni hakumbuki mambo hayo. Nilipofika Cheyo na kufungua, vyote vilikuwa vimekufa. Paka wa jirani alisherehekea mpaka Jumatatu.

Wiki hii sikulala vizuri. Niliwaza: Mungu wangu, kama yeye ameshaniondoa kwenye utani, basi hili si utani, ni wizi. Nimemwibia mtu riziki yake. Jumatatu hatakuwa amevua, watu wake wa sokoni watakuwa wamenunua kwa mwingine, na mimi ni mwalimu mwenye mshahara nimekaa hapa nalisha paka.

Jumatano nilikutana naye sokoni uso kwa uso. "Habari za kazi, mwalimu," akasema. Nikasema nzuri. Akauliza kama watoto wa darasa la saba wameshamaliza mitihani. Nikasema wameshamaliza zamani. Akasema ashukuriwe Mungu. Hakutaja tenga. Nilimpigia Shangazi nikiwa bado nimesimama kwenye mapipa ya mafuta ya alizeti, nikamwambia nataka kukiri.

"Ukikiri umeharibu," akasema Shangazi, na salio langu likaisha.

Kwa hiyo leo nilikwenda Igombe kama mtu anayekwenda kusomewa matokeo. Ndahani hakuwepo kibandani. Mtumbwi wake haukuwepo. Kayaki yangu ilikuwa imefutwa vumbi kama kawaida, na nilipoiona ni safi hivyo nilikata tamaa kabisa. Nilinasa visamaki vyangu kumi na kimoja, nikavitia mtungini, nikapiga kasia mpaka kwenye matete ya upande wa pili. Nikashusha nanga. Kimoja nikakitunga kwenye ndoana, kumi nikavihamishia kwenye dumu, nikaliachia lielee nyuma yangu.

Maji yalikuwa yametulia. Kwenye saa mbili na nusu kitu kikavuta.

Nimeshavua kambare, lakini huyu alikuwa mwingine. Aligeuza kayaki na nanga yake. Alikwenda kwenye matete, nikamrudisha, akapita chini yangu, nikaona ubavu wake tu, mweusi, mpana kama paja. Sikumbuki nilipumua saa ngapi. Nilipomtia kwenye kayaki alinichoma kidole hiki kilichovimba, na nilikaa pale nimemkumbatia kwa miguu nikicheka peke yangu.

Ndipo nikavuta kamba ili nitoe kisamaki kingine.

Dumu lilikuja kizembe. Nilijua kabla sijalifungua kwamba uzito wake si ule. Na fundo la kamba halikuwa langu. Mimi hufunga mara mbili, hili lilikuwa limefungwa mara moja na kubanwa, kama afungavyo mtu mmoja tu katika bwawa lile. Nikafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na michembe.

Kwa asiyejua: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, chakula cha Mnyamwezi tangu zamani, na ndicho Wagogo wanachotuchekea. Ilikuwa michembe kumi. Nikiwa nimeshughulika na kambare, kwa kila kisamaki aliniwekea mmoja, na ilikuwa imeshaanza kulowa na kuvimba.

Nililia pale juu ya maji. Sioni aibu kuandika. Nililia nikiwa na kambare kati ya miguu na dumu la michembe mikononi, na kama kuna mtu aliniona kutoka ng'ambo, alidhani nimeumwa na kitu.

Kisha nikasikia kikohozi. Ndahani alikuwa ndani ya matete, hatua ishirini hivi, amelala chali kwenye mtumbwi wake na kofia usoni.

Nilijua zamu ni yangu, na kwamba nikisema asante nitaharibu kila kitu. Nikavuta pumzi. Nikamwambia, "Mgogo wewe, babu zako walitoza ushuru wa maji, wewe umefikia kutoza wa visamaki?"

Akaondoa kofia. Hakucheka mara moja. Aliniangalia muda mrefu, na mimi nikamwangalia, na nafikiri sote wawili tulikuwa tunaogopa.

"Vyangu vilikuwa thelathini na nne," akasema. "Hivi kumi ni riba. Viko wapi, mpagazi?"

Mpagazi.

"Vimekufa," nikasema.

"Vimekufa." Akakaa kitako. "Mnyamwezi anaiba kitu hai, anakifunga kama kifurushi cha kubeba mpaka Bagamoyo." Na hapo ikafunguka. Miezi kumi yote ikatoka kwa mkupuo: jinsi ninavyopiga kasia kama nasonga ugali, jinsi nilivyomletea sukari kama mtu aliyekuja kuposa, jinsi alivyokuwa ananiona kila Jumamosi naua visamaki na kufunika mtungi kwa magunia, ikambidi aume ulimi mpaka usiku hawezi kula pilipili.

Nikamuuliza basi kinaviua nini.

Nilimwona anapima kama aseme.

"Mikono yako," akasema. "Unajipaka mafuta kama bibi harusi halafu unawashika. Samaki ana ute wake, ukimpaka mafuta anakufa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Niliyajua mafuta hayo. Niliyanusa mtungini. Ni mafuta ya marehemu. Ningekuambiaje?"

Ni kweli. Kopo la mafuta ya Mama lilibaki mezani kwake likiwa na zaidi ya nusu. Tangu mazishi najipaka kidogo kila Jumamosi asubuhi, kwa sababu ya harufu. Sikumwambia mtu. Sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeijua harufu ile, na kumbe yupo. Alikuwa akija nyumbani kukamata kuku wa Mama, na Mama alikuwa akimfukuza uani kwa fagio, miaka yote ile.

Ningekuambiaje. Nilikuwa nimemkataza mwenyewe.

Tulirudi ufukweni sambamba, yeye kwenye mtumbwi wake, mimi kwenye beseni. Alijikatia kipande kikubwa cha kambare wangu bila kuomba, upande wa kichwa, ulio mtamu. Tulimchoma pale pale. Mke wake akaleta ugali na chumvi. Ile michembe iliyolowa akanilazimisha niile mbele yake, mmoja baada ya mwingine, na nikaila, haina ladha yoyote.

Tulipokuwa tunanawa ndipo nilipopata ujasiri. Nikamuuliza, siku ile ukingoni mwa kaburi, alikuwa anataka kusema nini.

Hakujifanya hajui ninachouliza. Akatazama mikono yake, akamtazama mkewe. Mkewe akampa kanga yake aliyokuwa amejitanda. Akajifunga kiunoni. Akaburuza kisigino cha kushoto hatua tatu mpaka kwenye shimo ambalo anachimba la choo kipya, akainama, akaweka mkono kiunoni.

Akasema, kwa sauti yake yeye, Mama yangu: "Nani kachimba hili? Hebu njooni. Hizi ndizo kona? Mtu atalalaje hapa, shuka haitakaa. Rudieni. Mimi sijasema kitu."

Mimi sijasema kitu. Hivyo ndivyo Mama alivyomaliza kila alipokuwa amekwisha kusema yote. Wodini, jikoni, kanisani. Nilikuwa nimelisahau. Miezi kumi natunza kopo la mafuta, na neno lenyewe lilikuwa limenitoka kichwani, nalo lilikuwa limekaa kwa Mgogo mmoja kando ya bwawa, likisubiri ruhusa.

Na kona za kaburi lile kweli hazikuwa zimenyooka. Nakumbuka. Angelisema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikalia tena, hapo hapo, na hakuna aliyeniambia pole. Ndahani alinivua saa ya mkononi nikiwa bado nafuta machozi, akaivaa. Amebaki nayo.

Kesho Jumapili ni zamu yetu watu wa Cheyo kutoa shukrani ibadani. Nimeshafunga karanga na jogoo. Kwetu Moraviani, mzee wa kanisa husimama na kukuuliza mbele ya watu, unamshukuru Mungu kwa lipi. Wengi husema afya, wengine watoto wamefaulu.

Nimewaza jioni nzima nitasemaje. Nitasema nimeibiwa.